Muhuri wa Wakili na Kazi ya Wakili: Maswali ya Wanunuzi na Wauzaji wa Nyumba na Viwanja Tabora

Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, wazee wangu, ndugu wananchi wenzangu wa Manispaa ya Tabora, nawashukuru kwa kuitikia wito. Nimeombwa nijibu maswali ambayo watu huyaleta mara kwa mara katika ofisi za mawakili wanapotaka kununua au kuuza nyumba ama kiwanja. Nitaanza na lile ambalo likieleweka, mengi ya yanayobaki hujibika kwa urahisi.

Swali lenyewe ni hili: "Mkataba wangu una muhuri wa wakili; je, si umekamilika?" Jibu ni kwamba inategemea wakili huyo alifanya nini kabla ya kugonga muhuri. Wakili anaposhuhudia saini, anathibitisha kwamba watu waliotajwa walifika mbele yake, akawatambua, wakatia saini. Hathibitishi kwamba muuzaji ndiye mmiliki, wala kwamba nyumba haijawekwa rehani benki, wala kwamba hakuna kesi. Mtu anayemkabidhi muuzaji fedha zote Ijumaa jioni mbele ya dalali, kisha Jumatatu akaenda kwa wakili "kugongewa muhuri", amemwita wakati ambapo hakuna tena cha kulinda.

Mikataba ya namna hiyo naiona mara nyingi. Ni ukurasa mmoja wenye majina mawili, kiasi cha fedha, mashahidi wanne, na mipaka iliyoelezwa kwamba mashariki anapakana na njia, magharibi na nyumba ya jirani, kaskazini na mwembe. Mji wetu ni mji wa miembe, na siku mwembe ule utakapokatwa, mpaka wa kaskazini utabaki katika kumbukumbu za watu wawili waliokwisha kugombana. Wakili aliyeajiriwa mapema angeandika namba ya kiwanja, kitalu, namba ya hati na ukubwa wa eneo kama ulivyo kwenye ramani ya upimaji. Na kama eneo halijapimwa, angewaita majirani wa pande zote nao wakaonyesha mipaka na kutia saini.

Basi wakili hufanya nini hasa kabla ya fedha kutoka? Kazi kubwa kuliko zote ni upekuzi. Anachukua namba ya hati, anaomba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, na anapata majibu ya maandishi yanayoonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda wa milki na tarehe ulipoanza, na kama kuna rehani, kaveati (tahadhari iliyowekwa na mtu anayedai haki katika mali hiyo) au zuio la mahakama lililoandikwa katika daftari la Msajili. Tangu 2020, serikali ilipofungua ofisi za ardhi za mikoa, shughuli hii imesogea karibu na wananchi, na kwa hiyo sioni udhuru wa kuiruka. Hati mkononi haitoshi. Karatasi inaweza kuwa halali kabisa huku daftari likionyesha kwamba mkopo wa benki haujafutwa, na anayeshinda mbele ya sheria ni daftari. Zaidi ya hapo wakili huangalia kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa, kwa kuwa deni hilo huzuia uhamisho. Naye mnunuzi hana budi kwenda mwenyewe kwenye nyumba, kuuliza ni nani anakaa humo na kwa haki gani, maana mpangaji au ndugu wa muuzaji anayedai sehemu yake haonekani katika daftari lolote.

Wengi huuliza kama wakili mmoja anaweza kuwahudumia muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, ili kupunguza gharama. Katika mauziano madogo yasiyo na utata hilo hutokea kila siku, lakini mimi silipendekezi kwa mnunuzi. Muuzaji anataka alipwe haraka na asibanwe na masharti. Mnunuzi anataka fedha zishikiliwe hadi mambo yathibitike. Mtu mmoja hawezi kuwapigania wote wawili kwa nguvu ileile pale mambo yanapokwama, na hapo ndipo hasa wakili anapohitajika. Ikiwa mna wakili mmoja tu, mwulizeni waziwazi, mbele ya wote, anamwakilisha nani, na jibu lake liandikwe ndani ya mkataba.

Suala la mwenza ndilo linalovunja mauziano mengi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mnunuzi afanye uchunguzi kama ridhaa ipo. Naomba mzingatie kwamba wajibu huo ni wa mnunuzi pia, si wa muuzaji peke yake. Neno la "mke wangu yuko Urambo, amekubali kwa simu" halimkingi mtu. Mwenza aje, asome au asomewe, atie saini mbele ya wakili. Na kama muuzaji ana wake zaidi ya mmoja, wakili mwangalifu atauliza nyumba ile ni ya ndoa ipi. Vivyo hivyo kwa nyumba ya urithi: mtoto mkubwa hawi mmiliki kwa sababu ya ukubwa wake, na muhtasari wa kikao cha ukoo haumpi mtu uwezo wa kuuza. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa ardhi iliyosajiliwa, jina lake huingizwa kwanza katika daftari kama mwakilishi wa marehemu.

Kwa wanaonunua mashamba Uyui, Sikonge au Kaliua, hasa baada ya malipo ya tumbaku, nasema kwa kifupi kwamba ardhi ya kijiji inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na mauziano yake yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Mahakama zetu zimekwisha kubatilisha mauziano yasiyo na idhini hiyo, hata pale ambapo mkataba ulikuwa na muhuri wa wakili. Saini ya mwenyekiti au mtendaji peke yake si uamuzi wa halmashauri. Ombeni muhtasari wa kikao.

Kuhusu gharama, ada ya wakili hupatana na thamani ya mali, na ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 inayotoa viwango. Ombeni makadirio ya maandishi kabla ya kuanza, yakitenganisha ada yake na malipo ya serikali. Malipo hayo ya serikali ndiyo huwashtua watu: muuzaji mkazi kwa kawaida hutozwa kodi ya asilimia 10 ya faida aliyoipata, upo ushuru wa stempu, na upo uthamini na ada za usajili. Msajili hawezi kuhamisha jina bila uthibitisho kwamba kodi imelipwa, kwa hiyo mkataba usioeleza nani analipa nini huacha hati imekwama mezani miezi mingi. Wapo wanaoandika bei ndogo ili kukwepa kodi. Wakili asikubali, kwa sababu siku mauziano yakivunjika, mnunuzi ataweza kudai kile tu kilichoandikwa.

Je, utamjuaje wakili halali? Wakili huhuisha cheti chake cha uwakili kila mwaka, na Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili ambamo unaweza kuandika jina ukaona kama ameruhusiwa kufanya kazi. Sheria inamkataza asiye na sifa kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo, na inamtaka aliyeandaa aweke jina na anwani yake kwenye waraka. Akikutendea isivyo, mlalamikie mbele ya Kamati ya Mawakili.

La mwisho nililoulizwa na kina mama wa Isevya: kazi ya wakili inaisha lini? Haiishii siku ya saini. Kwa ardhi iliyosajiliwa, umiliki hauhami mpaka uhamisho usajiliwe, hivyo katika mkataba wenu na wakili andikeni kwamba ataomba idhini ya uhamisho, atafuatilia kodi, atapeleka nyaraka kwa Msajili na atakukabidhi hati yenye jina lako pamoja na stakabadhi zote halisi. Sehemu ya mwisho ya ada yake ilipwe siku hiyo.