Auti 27: Timu ya Ubingwa wa Besiboli kwa Jicho la Shabiki

(Mhadhara kwa walimu wa michezo na mashabiki, Mtwara)

Shikamooni wazee wetu, na wengine wote habari za jioni. Ahsanteni kwa kuacha kahawa na bao mkaja kusikiliza habari za mchezo ambao huku tunauona kwenye simu saa tisa usiku, Mtwara yote imelala. Mechi kubwa za Oktoba kule New York huanza saa mbili usiku kwao, nasi tumewatangulia kwa saa saba. Na Oktoba ndiyo minada ya korosho inachangamka. Shabiki wa besiboli wa kusini mwezi huo halali: mchana yuko ghalani, usiku yuko na World Series, fainali ya ligi kuu ya Marekani, ambayo wa kwanza kushinda mechi nne ndiye bingwa.

Swali la leo ni timu ya ubingwa tunaitambuaje. Kijiweni watakujibu haraka: wapigaji wakubwa. Mtu ameona homurani mbili, mpira umeruka uzio, basi kashatoa kombe. Mimi nasema acha kuhesabu homurani, hesabu auti.

Kwa aliye mgeni, nieleze kidogo. Timu moja inalinda, watu 9 uwanjani, mrushaji akiwa katikati. Timu nyingine inaleta mpigaji mmoja mmoja na gongo lake (si lile la kwenye chupa, polisi mkae). Akipiga anakimbilia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na akirudi nyumbani, pale alipopigia, salama ni pointi moja. Mpira wake ukidakwa hewani, au ukimtangulia kituoni, ametolewa, na hiyo ndiyo auti. Walinzi wakishatoa watatu, zamu inageuka. Awamu ni 9, kila awamu auti 3, kwa hiyo kila timu ina auti 27 za kutumia.

Sasa angalieni tofauti na soka. Namungo wakiongoza moja bila dakika ya 85, kipa anaweza kulala na mpira, beki anaupiga jukwaani, muda unakwenda. Besiboli haina dakika ya 90. Na tangu 2023 ligi kuu ya Marekani imembana hata mrushaji anayevuta muda: vituo vikiwa vitupu ana sekunde 15 tu za kuanza kurusha. Unaongoza kwa pointi 5? Vizuri, lakini bado utamrushia mpira mtu wa 27 naye utamtoa. Kwa hiyo auti ndiyo mtaji. Anayepiga asiitupe, anayelinda asiiache chini.

Nitawapa awamu moja tu, ya tano, Oktoba 30, 2024, uwanja wa Yankees. Mechi ya tano ya fainali. Yankees wanaongoza 5-0 dhidi ya Dodgers wa Los Angeles, na mrushaji wao Gerrit Cole hajapigwa hata mpira mmoja salama, yaani wa kumfikisha mpigaji kituoni, katika awamu nne. Mpigaji wa kwanza anafika kituoni. Wa pili anapiga mpira wa juu, mwepesi, kwenda kwa Aaron Judge, mpigaji anayeogopwa kuliko wote kwenye timu yao. Unaingia kwenye glavu, unatoka. Wa tatu anapiga wa chini, mlinzi Anthony Volpe anauokota na kuurusha kituo cha tatu, unakwenda vibaya. Vituo vimejaa, auti hakuna hata moja. Cole anakaza, anawatoa wawili mfululizo kwa straiki tatu kila mmoja, yaani mipira mizuri waliyoshindwa kuipiga vyema, na mmoja wao ni Shohei Ohtani, nyota wa Dodgers. Imebaki auti moja watoke salama. Mookie Betts anapiga kampira ka chini, taratibu, kwenda kwa mlinzi wa kituo cha kwanza. Mlinzi anaudaka mbali kidogo na kituo, anatazama nani wa kumpa, hapana mtu. Cole hakukimbia kwenda kuziba kituo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Pointi 5 ziliingia awamu hiyo, na kwenye vitabu vya takwimu hakuna hata moja anayohesabiwa mrushaji, zote ni za makosa. Yankees walipata moja tena, lakini awamu ya nane Dodgers walipata mbili kwa mipira miwili ya juu iliyodakwa huku mkimbiaji akitoka kituo cha tatu kuingia nyumbani. Auti mbili, pointi mbili. Wakashinda 7-6 na kombe likaenda.

Walimu, hilo la mrushaji linafundishika hata kwa mpira wa matambara. Kutoka pale anaposimama hadi kituo cha kwanza ni kama mita 19. Mpigaji ana mita 27.43, na mwenye kasi ya kawaida anayepiga kwa mkono wa kulia huzimaliza kwa sekunde nne na nusu hivi, pungufu kidogo. Mrushaji akisita hatua mbili, kachelewa. Kanuni ni hii: mpira ukielekea kushoto kwake, miguu inaondoka kabla macho hayajajua nani ataudaka. Na asikimbie moja kwa moja hadi kituoni, atamgonga mkimbiaji. Aufikie mstari mita tatu hivi kabla ya kituo, kisha aufuate, apokee mpira huku akikanyaga ukingo wa ndani.

Upande wa kupiga, hesabu ni ileile. Mpigaji akirushiwa mipira minne mibaya, akaiacha yote, anapewa kituo cha kwanza bure. Vijana hawapendi, wanaona aibu kutembea. Chukua wapigaji wawili, kila mmoja kasimama mara 100. Wa kwanza kapiga salama 27, kapewa bure 4. Wa pili kapiga salama 24, kapewa bure 13. Kijiweni atasifiwa wa kwanza. Lakini wa kwanza kafika kituoni mara 31 na kaunguza auti 69, wa pili kafika 37 na kaunguza 63. Ukiwa na wapigaji tisa wa namna ya yule wa pili, mrushaji wa wenzenu anachoka kabla ya awamu ya sita.

Kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa, nako kuna bei. Mrushaji hutumia kama sekunde 1.3 kuufikisha mpira nyumbani, mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, hutumia kama 2.0 kuudaka na kuurusha kituo cha pili. Jumla 3.3. Mkimbiaji wako akitumia 3.5, usimtume, hata jukwaa lipige kelele. Anayefanikiwa chini ya mara 7 katika 10 anaigharimu timu kuliko anavyoisaidia, maana anagawa auti. Lakini saa yake ikifika, wizi ndio dawa. Mwaka 2004 Boston Red Sox walikuwa wamefungwa na Yankees mechi tatu bila katika mfululizo wa mechi saba kabla ya fainali; sasa ni mechi ya nne, awamu ya tisa, wako pungufu pointi moja. Mpigaji akapewa kituo bure, akaingizwa Dave Roberts kumkimbilia, uwanja mzima unajua ataiba. Akaiba. Mpira uliofuata wa salama ukamwingiza nyumbani. Boston walishinda mechi hiyo na tatu zilizofuata, kisha wakachukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1918.

Mkimbiaji akinaswa kati ya vituo viwili, hapo tunawazidi Wamarekani, maana ile ni rede tupu. Mabinti waliokulia kwenye rede wanajua kukwepa na kugeuka ghafla. Tatizo ni upande wa walinzi: wanarushiana, wanarushiana, hadi mmoja anapoteza mpira. Mwenye mpira aushike juu, aonekane, amkimbize mkimbiaji kwa kasi kurudi alikotoka, na arushe mara moja tu, mbili zikizidi. Akimkosa akarudi kituo cha zamani, hasara ni ndogo.

Sasa kuna jambo linalowachanganya mashabiki kila mwaka: timu bora ya msimu si lazima iwe bingwa. Ligi yao ni mechi 162 kwa miezi sita hivi. Seattle walishinda 116 mwaka 2001 na fainali hawakuiona. Oakland mwaka uliofuata walishinda 103, zikiwamo 20 mfululizo, wakatolewa raundi ya kwanza. Halafu St. Louis, 2006, wakashinda 83 tu na kubeba kombe. Msimu mrefu unataka warushaji watano wa kuanza, kila mmoja akipumzika siku nne au tano baada ya mirusho 90 hadi 100. Oktoba kuna siku za mapumziko, warushaji watatu wazima wanatosha. Kwa hiyo mtu akikuuliza Septemba kama mwaka huu ni wenu, usimtajie msimamo wa ligi. Mtajie warushaji wangapi mikono yao ni mizima. Mkano wa kiwiko ukikatika na kufanyiwa upasuaji, ni mwaka mzima au zaidi nje.

Mliokesha 2025 mlimwona Yoshinobu Yamamoto wa Dodgers. Alirusha mara 96 mechi ya sita ya fainali dhidi ya Toronto, kesho yake akarudi mechi ya saba na kutoa auti 8, hadi awamu ya 11, maana baada ya awamu tisa walikuwa sare na mchezo ukaongezwa. Bingwa. Tafadhali, msimfanyie hivyo mtoto wa sekondari. Aliyerusha leo kesho akae kituo cha kwanza, au awe mshika daftari.

Nimeona mikono imeinuka, ila maswali tutayajibu tukiwa nje, jua halijazama na uwanja haujapimwa. Kila upande ni mita 27.43. Msipime pande nne mkaridhika, mtapata umbo lililopinda kama shamba la mikorosho lililopimwa kwa macho. Vuteni na ulalo, nyumbani hadi kituo cha pili, uwe mita 38.79, ukikataa, kigingi kimoja kimekaa pabaya. Na mrushaji hasimami katikati kabisa ya ulalo huo, kosa hilo tumeliona kwenye viwanja vingi. Ni mita 18.44 kutoka nyumbani, karibu mita moja kabla ya katikati. Kamba imeshakatwa, vigingi viko pale mlangoni. Atakayeshika ncha ya nyumbani atangulie.