Jinsi ya Kuchagua Lethi na Milingi ya Bei Nafuu kwa Karakana ya Nyumbani

Karibu, ndugu mtazamaji, katika karakana yangu hapa Iyunga, jijini Mbeya. Leo nitakuonyesha hatua kwa hatua namna ya kuchagua lethi, yaani mashine ya kukereza chuma, pamoja na mashine ya milingi, kwa ajili ya banda lililo nyumbani kwako na kwa fedha ambazo fundi wa kawaida anaweza kuzikusanya. Ninaposema milingi simaanishi mashine ya kusaga mahindi. Namaanisha mashine ambayo kisu chake huzunguka huku chuma kikiwa kimefungwa mezani, tofauti na lethi, ambayo chuma ndicho kinachozunguka na kisu husogezwa.

Hatua ya kwanza haifanyiki dukani. Chukua daftari uandike kazi zote ulizoletewa kwa miezi 3 iliyopita, zikiwemo zile ulizozikataa, na kando ya kila kazi uandike kipenyo na urefu wake. Hili hapa ni daftari langu. Nalisogeza karibu na kamera. Bushi, yaani bomba fupi ambalo shafti huzunguka ndani yake, ya pawatila kutoka Igurusi, kipenyo milimita 45. Puli ya mashine ya kukoboa mpunga, kipenyo milimita 150. Shafti ya karasha, mashine ya kuponda mawe, kutoka Chunya, urefu sentimita 90. Bushi ile inafanyika hata kwenye lethi ndogo kuliko zote, puli inahitaji lethi ya kati, na shafti ya karasha haifai kabisa kwenye mashine ya mezani. Ni bora ukubali tangu sasa kwamba kazi ya namna hiyo utaipeleka kwa mwenzako mwenye lethi kubwa, kuliko kukopa fedha ukanunue mashine ya tani nzima kwa kazi inayokuja mara mbili kwa mwaka.

Hatua ya pili ni kusoma vipimo vya mashine bila kudanganyika. Lethi ndogo za mezani kutoka China, ambazo ndizo nafuu zaidi kwa sasa, nyingi huandikwa kwamba zinapokea chuma cha kipenyo cha milimita 180 na urefu wa milimita 300 au 350, na uzito wake ni kama kilo 40. Kile kipimo cha 180 ni cha juu ya kitanda peke yake, yaani fremu ya chini yenye reli. Chuma kinapopita juu ya kitelezi kinachobeba kisu, nafasi hupungua hadi milimita 110 hivi, na hapo ndipo puli yetu inapokwama. Uliza pia tundu la spindo, yaani mhimili unaokizungusha chuma, lina kipenyo gani, kwa sababu lethi nyingi za ukubwa huu zina tundu la milimita 20, nawe ukija na nondo ya milimita 25 haitapenya kwa nyuma, hivyo utalazimika kuikata vipande vifupi kabla hujaanza kazi.

Kipimo ambacho wanunuzi wengi hawakiulizi ni mwendo wa chini kabisa ambao mashine inaweza kuzunguka ikiwa bado na nguvu. Chuma laini hukatwa vizuri kwa kisu cha hai-spidi, yaani chuma kigumu cha visu, kwa kasi ya mita 25 hivi kwa dakika. Ukizidisha 25 kwa 1,000, kisha ukagawanya kwa 3.14 na kwa kipenyo cha chuma kwa milimita, unapata mizunguko inayotakiwa kwa dakika. Kwa shafti ya milimita 20 utapata kama 400, na kwa puli ya milimita 150 utapata 53 tu. Lethi ndogo zinazopunguza mwendo kwa kitufe cha umeme, bila gia wala mkanda wa kuhamisha, hupoteza nguvu zikizungushwa polepole kiasi hicho, na mota husimama kisu kinapogusa chuma. Kwa hiyo, kama kazi zako ni za puli na flanji, tafuta mashine inayopokea chuma cha kipenyo cha milimita 210 hadi 250 na yenye mkanda au gia za kupunguzia mwendo, hata kama itakubidi usubiri msimu mmoja zaidi wa mavuno ili fedha itimie.

Hatua ya tatu ni umeme. Nyumba nyingi zina fezi moja ya volti 230, ilhali lethi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa fezi tatu. Usiikatae mashine nzuri kwa sababu hiyo. Soma kibati cha mota: kikiwa kimeandikwa 230/400, mota hiyo inaweza kuungwa kwa mtindo wa pembetatu (delta) na kuendeshwa kwa inveta inayopokea fezi moja na kutoa fezi tatu za volti 230. Kikiwa kimeandikwa 400/690, inveta hiyo haitakufaa. Kazi ya kuunga mwachie fundi umeme mwenye leseni.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa nyanda za juu. Nguvu inayoandikwa kwenye mota za kawaida huhesabiwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya ipo karibu mita 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo haipozi mota sawasawa na hewa ya Dar es Salaam. Baridi yetu hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini usinunue mota ambayo nguvu yake inatosha kwa shida. Chagua yenye akiba.

Hatua ya nne ndiyo ninayokuomba uitazame hadi mwisho, nayo ni kukagua lethi iliyotumika. Lethi yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga karakana yake. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani, ikang'aa, nami nikalipa bila kuipima. Wiki ya pili nilichonga shafti ya mashine ya kupukuchua mahindi ya mama mmoja wa Uyole. Beringi ya upande mmoja ilikaa vizuri, ya upande wa pili ikacheza, na nilipopima nikakuta tofauti ya milimita 0.2 kati ya ncha mbili. Kitanda kilikuwa kimelika. Nilimrudishia mama yule fedha yake na kumnunulia chuma kingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Futa grisi yote kwenye kitanda, kisha pitisha ukucha wako taratibu juu ya reli, kuanzia mwisho wa mashine kuja kwenye chaki, yaani kile kibano kinachoshika chuma. Ukisikia ukucha unashuka kama unaoteremka ngazi ndogo, reli imelika mahali hapo, kwa sababu karibu na chaki ndipo kazi nyingi hufanyika. Halafu sogeza gari la kisu, yaani sehemu inayobeba kisu na kutembea juu ya reli, hadi karibu na chaki, kaza skrubu za kurekebishia mpaka liwe zito kidogo, kisha lirudishe upande wa nyuma. Likikaza na kugoma kabla ya kufika mwisho, jibu ni lilelile.

Sasa funga nondo ya milimita 25 kwenye chaki, iache ijitokeze milimita 100 bila kushikiliwa na kichwa cha nyuma, kile kinachoegemeza ncha ya pili ya chuma, na uichonge mara moja kwa kina kidogo sana. Tazama, mimi naondoa milimita 0.1 tu. Nazima mashine, nasubiri chaki isimame kabisa, napima kwa maikromita karibu na chaki: 24.62. Napima ncha ya mbali: 24.64. Ncha ya mbali kuwa nene kwa kiasi hicho ni kawaida, kwa kuwa chuma hujipinda kidogo kukikwepa kisu. Tofauti ikizidi milimita 0.05, rudia mara moja zaidi baada ya kuhakikisha miguu ya mashine imekaa sawa sakafuni, kwa sababu kitanda kilichopindwa na sakafu mbovu hutoa kosa hilohilo, nalo hurekebishika. Mwisho, iache mashine izunguke nusu saa kisha gusa kichwa chake penye beringi. Joto la uvuguvugu linakubalika, ila joto linalokufanya uondoe mkono ni dalili ya ubovu.

Kama mashine ni ya Uingereza ya zamani, uliza kama skrubu yake ndefu, inayosogeza gari la kisu wakati wa kukata nyuzi, ni ya inchi, na kama gia ya meno 127 bado ipo. Inchi moja ni milimita 25.4, na 127 ni mara tano ya hiyo, ndiyo maana bila gia ile huwezi kukata nyuzi za milimita kwa usahihi.

Sasa twende kwenye milingi. Ushauri wangu ni ununue lethi kwanza. Kwa kuanzia, mfereji wa kii, yaani kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti, unaweza kuukata kwenye lethi kwa kufunga kisu cha milingi kwenye spindo na shafti kwenye kitelezi cha kusimama, kile kinachopandisha na kushusha kazi. Ukifika wakati wa kununua milingi, chagua yenye nguzo bapa yenye reli za mkia wa njiwa, si nguzo ya duara, kwa kuwa kwenye nguzo ya duara ukipandisha kichwa kinageuka, nawe unapoteza mahali ulipokuwa umepima. Mashine zinazojumuisha lethi na milingi kwenye kitanda kimoja sizipendekezi. Utatumia muda mwingi kufungua kazi moja ili ufunge nyingine.

Kuhusu bajeti, katika kila shilingi milioni 1 uliyonayo, tenga 300,000 kwa visu, maikromita, dayo geji (saa ya kupimia tofauti ndogo) na jiliwa imara. Mashine isiyo na hivyo itakaa imefunikwa turubai.

Hatua ya mwisho ni kuifikisha na kuiweka. Lethi ni nzito upande wa juu, hivyo ifungeni kwa kamba pande zote kwenye gari, na reli zipakwe grisi kabla ya safari. Mashine mpya ioshe kwa mafuta ya taa ili kuondoa grisi ya kiwandani, ndipo utie oili. Na katika Juni na Julai, tunapovaa masweta tangu alfajiri, vua sweta au kunja mikono hadi juu ya kiwiko kabla ya kuwasha. Uzi mmoja wa sweta ukinaswa na chaki, mkono hufuata. Nami navua langu sasa, nauondoa ufunguo wa chaki, nauweka mezani mahali ninapouona, ndipo nawasha.