Tumeitazama, Sasa Tuiseme

Ndugu zangu, asanteni kwa kubaki. Najua daladala za mwisho hazimsubiri mtu, na ninyi wa Mbagala na Gongo la Mboto mna safari mbele yenu, kwa hiyo sitawaweka mpaka usiku wa manane. Taa zilipowaka niligawa vikaratasi, nikaomba kila mmoja aandike alichokiona, bila kuweka jina. Ninavyo hapa mkononi. Nilikuwa nimeandaa mhadhara mwingine kabisa, lakini nimevipitia hivi wakati mkinywa chai, nikaona ni afadhali nivijibu.

Kwa waliochelewa: filamu hii ni Plan 9 from Outer Space, kazi ya Mmarekani Edward D. Wood Jr. Aliipiga mwishoni mwa mwaka 1956 katika studio ndogo ya Hollywood, ikaonyeshwa mara ya kwanza Los Angeles mwezi Machi 1957. Iligharimu dola 60,000 hivi, fedha ya kubangaiza hata kwa Hollywood ya wakati ule. Waliozitoa walikuwa waumini wa Kibaptisti waliotumaini kupata faida ya kutengenezea filamu za dini. Walimtaka abadili jina la kwanza la filamu, kwa sababu lilitaja wezi wa makaburi, na yeye na baadhi ya waigizaji wake wakabatizwa. Hadithi yenyewe mmeiona. Viumbe kutoka sayari nyingine wamekuja na visahani vyao, serikali zinakana kuwaona, basi wanaamua kufufua wafu ili binadamu wawasikilize.

Kikaratasi cha kwanza kina maneno manne tu: "Hawa si mizuka, misukule." Nimekisoma mara tatu. Wamarekani wameandika kurasa nyingi juu ya filamu hii na sijaona aliyeisema vizuri hivi, kwa sababu wao hawana neno hilo. Mzuka hujitokea wenyewe. Msukule, maiti aliyefufuliwa atumikishwe, ana bwana wake. Aliyeandika hivi ameiona hofu ilipo, nayo haipo kwenye sura ya maiti. Ipo kwenye mkono unaoiendesha. Kumbukeni pale ndani ya chombo, Inspekta Clay, lile pande la mtu, anapowaendea mabwana zake mwenyewe, na kile kidude cha kumwamuru kimekwama hakizimiki. Ukumbi mzima ulinyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni nikiwaangalia ninyi, siyo kioo, na nawaambia mlinyamaza. Filamu mnayoambiwa haiwezi kumtisha hata mtoto iliwanyamazisha, japo kwa nusu dakika.

Sasa vikaratasi vilivyo vingi kuliko vyote: "Visahani ni sahani za karatasi zimefungwa uzi." Uzi upo. Mmeuona kweli, mimi pia nauona, wala siutetei. Lakini sahani za karatasi hamkuziona. Vile ni vidude vya plastiki vya kuchezea, vya kuunga mwenyewe nyumbani, vilivyokuwa vikiuzwa madukani Marekani miaka ile. Wapo wanaosema ni vifuniko vya magurudumu ya gari, na hilo pia si kweli. Nani aliwaambia sahani za karatasi? Mmelisikia mahali, likakaa, na leo macho yenu yakaona yale ambayo masikio yaliyatangulia.

Niwaeleze lilivyoanza. Kuanzia mwaka 1961 filamu hii ilikuwa ikionyeshwa kwenye televisheni za Marekani saa za usiku, watu wakiitazama nusu wamelala, hakuna aliyeipa sifa wala lawama kubwa. Mwaka 1980 ndugu wawili, Harry na Michael Medved, wakatoa kitabu cha kuzitunuku filamu mbovu, na kwa kura za wasomaji hii ikatangazwa kuwa mbaya kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Wood naye akapewa cheo cha mwongozaji mbovu kuliko wote. Tangu siku hiyo kila anayeitazama anaketi na hukumu tayari mfukoni. Na mtu mwenyewe hakuwepo kujibu. Alikuwa amefariki Desemba 1978, ana miaka 54, siku chache tu baada ya kutolewa kwenye nyumba ya kupanga kwa kushindwa kodi. Hakuwahi kujua kwamba jina lake litakuja kujulikana dunia nzima, wala litajulikana kwa lipi.

Kuna mwingine ameandika: "Kivuli cha maikrofoni kinaonekana kwenye chumba cha rubani." Jicho lako zuri. Hebu tulitazame hili kiufundi. Wood alizipanga picha zake kwa ajili ya kioo kipana cha sinema, ambapo juu na chini ya picha hukatwa wakati wa kuonyesha. Televisheni za enzi hizo zilikuwa karibu mraba, zikaonyesha picha nzima pamoja na kile kilichopaswa kukatwa. Nakala tuliyoitazama usiku huu ni hiyo ya televisheni. Kwa hiyo baadhi ya makosa tuliyoyacheka, aliyenunua tikiti ya sinema wakati ule hakuonyeshwa.

Siyo yote, lakini. Aliyeuliza mbona gari la polisi linaondoka mchana linafika usiku ana haki, hapo pamekosewa na hakuna utetezi. Mazungumzo ya askari pale makaburini yanazunguka palepale mpaka unachoka. Siwataki muipende kwa huruma.

Kikaratasi hiki kimeandikwa kwa wino mwekundu: "Kwa nini adui ndiye mwenye hoja kuliko steringi?" Naomba tukae hapa kidogo.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video mtaani, tuna sheria zetu. Steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi, na steringi ndiye mwenye haki. Adui akianza kuongea sana, kibanda kizima kinapiga kelele apigwe. Sasa hapa adui, Eros, anasimama mbele ya binadamu na kuwapa historia yao. Mlianza na fataki, mkaja na bomu la mkono, mkaja na mabomu makubwa ya kuua watu wengi kwa mara moja, mkaipasua atomu, mkafika kwenye haidrojeni. Hatua iliyobaki ni kuulipua mwanga wa jua wenyewe, na mkifika hapo mtaangamiza kila kinachoguswa na jua, sisi tukiwemo. Ndiyo maana tumekuja. Na steringi, rubani Jeff, anajibu nini? Anajibu kwamba tukiwa na silaha hiyo basi taifa letu litakuwa na nguvu zaidi. Eros anapandwa na hasira na kuwaita wapumbavu, na jibu la steringi ni kipigo.

Wood aliipiga filamu hii miaka miwili na miezi tu baada ya tarehe 1 Machi 1954, Marekani ilipolipua bomu la haidrojeni kule Bikini, Bahari ya Pasifiki, na majivu yake yakawaangukia mabaharia 23 wa mashua ya uvuvi ya Kijapani waliokuwa mbali wakitafuta samaki. Wood mwenyewe alihudumu Pasifiki wakati wa vita akiwa mwanamaji. Mtu huyu, kwa fedha za kuchangiwa na vidude vya plastiki, alimpa adui maneno mazito kuliko ya steringi. Ameyaandika vibaya, sikatai, sentensi zinajikwaa. Lakini ukiandika "haina ujumbe", kama walivyofanya wenzetu wawili hapa, nakuomba kwa heshima uirudie tena dakika zile za mwisho.

Nije kwenye kicheko, maana vikaratasi vinne vinasema "nimecheka mpaka machozi". Kucheka ni halali. Lugha yetu inatofautisha kucheka na kumcheka mtu, na silabi ile moja katikati imebeba mambo mazito. Nilipokuwa kijana pale Tanga, vijana wa mtaani kwetu walitengeneza filamu ya kutisha. Kamera ya kuazima, damu ya wino, uso wa jini umepakwa unga wa muhogo. Siku ya kuionyesha, kibanda kilijaa. Jini lilipotokea tu, watu wakaanguka kwa kicheko, wakapiga mabenchi, wakataja jina la aliyeigiza na la mama yake. Aliyeipaka ile sura alikuwa ameketi karibu yangu. Alikuwa ameamka alfajiri kuipaka, mara tatu, kwa sababu unga ulikuwa ukikauka na kupasuka mashavuni kila mwigizaji alipofungua mdomo, mpaka akagundua kuuchanganya na mafuta ya nazi. Ule mpasuko haukuonekana hata mara moja kwenye filamu. Hakuna aliyeligundua hilo, na angeligundua nani? Alinyanyuka kimya akatoka, na sikumwona akishika kazi hiyo tena. Mimi pia nilikuwa nimecheka.

Majirani zetu wa Uganda wana njia nyingine. Pale Wakaliga, Kampala, Nabwana Isaac na wenzake wametengeneza filamu za mapigano kwa fedha isiyofika hata nauli ya ndege, na juu yake wakaweka sauti ya msimulizi anayeshangilia, anayetania, anayewaita watazamaji waingie. Mtazamaji anacheka pamoja na waliotengeneza. Filamu zao zimefika mbali kuliko nyingi zilizojigamba.

Cha mwisho nimekiweka makusudi. Kimeandikwa kwa penseli, na mwandiko ni wa mtu mzima: "Yule mzee wa mwanzoni anayechuma ua ni nani? Huyo sikuweza kumcheka."

Mzee wangu, au mama yangu, popote ulipoketi: huyo ni Bela Lugosi, Mhungari, aliyekuwa Dracula wa mwaka 1931, jina lililotisha mabara mawili. Alipofika miaka ya 1950 alikuwa mgonjwa, ameshikwa na dawa alizoanza kupewa za maumivu, na wachache mno walimwita kazini. Wood alimwita. Akampiga picha chache zisizo na sauti, hakuna hadithi iliyokamilika, na Agosti 1956 mzee akafariki akiwa na miaka 73. Alizikwa na joho lake la Dracula. Wood akavichukua vipande vile na kuijengea filamu nzima kuvizunguka. Pale palipohitajika mzee aendelee kuonekana, alimweka tabibu wa kunyoosha mgongo aliyekuwa akimtibu mkewe, mrefu kuliko Lugosi, akimtaka ajifunike joho usoni. Ndiyo maana mkauliza mbona mzee amerefuka.

Mwenzetu wa mitambo, naomba uturudishe pale mwanzoni. Hapo, simamisha. Mnamwona anatoka kwenye kijumba kile, kofia, fimbo, anainama kwenye maua, analinusa moja. Sasa iachie. Anatembea, anatoka nje ya picha, tunasikia gari na ukelele. Wood ameisimamisha picha ili mzee asirudi tena. Angalieni pale chini, kwenye ardhi. Yeye ameshaondoka, kivuli chake bado kipo.