Nishani ya dhahabu na fedha ya majaribio

Ndugu zangu, nimeombwa niongee juu ya tuzo na ruzuku ambazo vyama vya wanasayansi hutoa kila mwaka. Mtanivumilia nikianzia mbali, kwenye wosia wa Mwingereza mmoja aliyefariki mwaka 1709.

Sir Godfrey Copley aliiachia Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, pauni 100. Hakutaja nishani wala hafla; alitaka fedha ile itumike kwa majaribio. Kwa lugha yetu ya leo, aliacha ruzuku. Mwaka 1731 akapewa Stephen Gray kwa majaribio yake ya umeme. Gray alikuwa fundi wa kutia nguo rangi, na uzeeni aliishi kwenye makao ya hisani. Mwaka uliofuata akapewa tena. Halafu mwaka 1736 wakubwa wa chama wakakubaliana kwamba fedha hiyo iwe nishani ya dhahabu. Ndiyo hiyo Copley Medal waliyokuja kupewa kina Darwin na Einstein.

Uamuzi ule wa 1736 hunikera mpaka leo. Dhahabu haiwashi taa ya maabara.

Sisemi tuzo hazina maana. Nasema tusizichanganye. Tuzo inakuuliza umefanya nini. Ruzuku inakuuliza utafanya nini, na kwa shilingi ngapi. Niliwahi kukaa kwenye jopo dogo la kupitia maandiko ya miradi, na nilichoka. Kurasa tatu za mwanzo ni shahada, vyeti, makongamano aliyohudhuria mwombaji. Bajeti nusu ukurasa: kompyuta mpakato, posho, nauli ya ndege. Vitendanishi, zile kemikali za majaribio? Hakuna hata mstari mmoja. Umeme wa friji ya sampuli atalipa nani? Kimya. Mtu ameandika kana kwamba anaomba nishani, wakati sisi tulikuwa tunagawa fedha ya kazi. Na wengine walikuwa na wazo zuri kabisa, limefukiwa chini ya vyeti.

Zipo tuzo zinazobeba vyote viwili. Mwaka 2011 Julie Makani wa Muhimbili, hapa hapa Dar es Salaam, alipata tuzo ya Royal Society ya wanasayansi wa Afrika, wakati huo ikifadhiliwa na Pfizer, kwa utafiti wake wa selimundu. Pamoja na heshima ilikuja ruzuku ya pauni 60,000 ya kuendeleza utafiti ule. Mwaka 2014 tuzo hiyo ikaenda kwa Faith Osier wa Kenya, anayechunguza jinsi mwili unavyojijengea kinga dhidi ya malaria. Tuzo ya namna hii ndiyo naipenda: jina linasomwa jukwaani, na Jumatatu kazi inaendelea.

Sasa, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye mambo haya msiwasikilize wahenga. Chema hakijiuzi hata kidogo. Nishani nyingi kubwa huwezi kujiombea. Lazima mwenzako akupendekeze, aandike barua, atafute wa kumuunga mkono. Asipokuwepo wa kukuandikia, kazi yako itakaa kabatini.

Na hata ukipendekezwa, kuna milango. Mwaka 1902 jina la Hertha Ayrton, mtafiti wa umeme, lilipelekwa Royal Society awe mwanachama. Likakataliwa, kwa hoja kwamba ni mwanamke aliyeolewa na sheria haimruhusu. Miaka 4 baadaye chama kile kile kikampa Hughes Medal! Nishani chukua, kiti hatuna. Wanawake wa kwanza walichaguliwa kuwa wanachama mwaka 1945, na Copley Medal yenyewe haikumfikia mwanamke hadi Dorothy Hodgkin, mwaka 1976.

Wa pili alikuwa Jocelyn Bell Burnell, mwaka 2021. Huyu ndiye nilitaka nimfikie. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, aligundua mawimbi ya nyota tunazoziita pulsa. Nobel ya mwaka 1974 kwa ugunduzi huo ilimtaja msimamizi wake, yeye hakutajwa. Mwaka 2018 akapewa tuzo nyingine, dola milioni 3 za Kimarekani. Zote akazikabidhi Institute of Physics, chama cha wanafizikia wa Uingereza na Ayalandi, zisomeshe uzamivu wa fizikia kwa wanafunzi wa makundi ambayo hayaonekani sana kwenye fani hiyo. Kile ambacho wazee wa 1736 walikitoa kwenye ruzuku wakakifanya nishani, mama huyu alikirudisha mahali pake.

Karatasi zinapita hapo mbele. Kila mmoja aandike jina la mwenzake mmoja na kazi yake katika mistari miwili. La kwako usiandike. Zikirudi tutachukua maswali. Namwona dada wa pale nyuma ameshainua mkono muda mrefu.