Kujibu kwa Vina vya Mwenzio

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mashairi ya ugomvi wa ndani ya nyumba, nami naanzia hapa hapa Tanga. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, kule Machui, mwaka 1909, alipofiwa na mkewe Amina alimwambia shairini kwamba "umejitenga". Lisikilizeni neno hilo. Ni neno la mtu aliyenuna, aliyechukua mto wake akaenda kulala ukumbini. Mauti ameyatia katika lugha ya wanandoa walioudhiana, ndiyo maana hunichoma hata mimi ambaye mume wangu yu hai.

Mwana Kupona naye, katika utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858, anamuusia mke ampepee mumewe akilala. Nauheshimu sana wosia ule. Ila leo nawataka wawili hao wakiwa macho, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akingoja mwenziwe aanze.

Hapo wengi wetu hukimbilia kanga. Kanga husema, lakini unamvalia mtu jina, yaani msemo wa kanga, naye anapita zake. Shairi hudai jibu. Na adabu ya majibizano yetu ni kwamba anayejibu hufuata vina vya aliyeanza: ukimaliza kwa "ngo", naye atafute "ngo". Hawezi kuipata kabla hajakusikiliza mpaka silabi ya mwisho. Wawili waliokosana hawajafanyiana hivyo kwa wiki nzima!

Nasema nililopitia. Kuna mwaka tulinuniana, mimi na baba watoto, kwa jambo la fedha ambalo nalo halikuwa kubwa. Asubuhi naandaa chai, anainywa akitazama dirishani. Siku ya tisa nikaandika mishororo miwili kwenye karatasi ya daftari la mtoto, nikaiweka chini ya kisahani:

Chai nimekutilia, mbona wanipa mgongo?
Nyumba moja twaingia, baina yetu mlango.

Akaisoma. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kazini. Kutwa nzima niliona haya, nikajiambia nimejidhalilisha bure. Mume wangu si malenga, jamani. Barua tu humtoa jasho. Usiku, naondoa vyombo, naikuta karatasi ileile chini ya kikombe chake. Mshororo mmoja, umefutwafutwa, silabi nane kwa nane, na vina vyangu vyote viwili vimo:

Komeo sijalitia, sukuma wewe mlango.