Chaza wa Hood Canal: Ufuo Huu Una Wenyewe

Assalaam alaykum na hamjambo, familia yangu ya huko nyumbani. Mnaiona milima ile nyuma yangu? Ni ya Olympic, na theluji bado iko juu ingawa tuko Mei. Hapa chini ni Hood Canal, mkono wa bahari ulioingia bara kiasi cha kilomita 110, maji ya chumvi katikati ya misitu ya jimbo la Washington. Asubuhi tumetoka Tacoma na marafiki, tukapita Olympia na Shelton, tukaishika barabara ya 101, na saa mbili hazijaisha tushafika Lilliwaup, kwenye shamba la chaza la Hama Hama. Mama zangu wa Tsunza na Gazi, huko pwani yetu ya Kenya, video ya leo ni yenu.

Ngoja nigeuze kamera. Maji yamekupwa. Vile vyeusi mnavyoviona vimetapakaa ufuoni si mawe, ni chaza, wamelala juu ya changarawe pale mto unapomwaga maji yake baharini. Kampuni ya ukoo huu ilianza 1922 na biashara ya magogo, chaza wakafuata baadaye, na sasa ni kizazi cha tano. Wengine wanakuzwa hivi hivi chini. Wengine wako ndani ya vifuko vya wavu vilivyofungwa kwenye kamba, na kila kifuko kina boya lake. Maji yakijaa, boya linainua kifuko. Yakipwa, kifuko kinaanguka. Chaza wanabingirika mara kwa mara, kingo za gamba zinakatikakatika, basi badala ya kurefuka ovyo gamba linakuwa na kina, na nyama inajaa. Kazi hiyo yote inafanywa na maji kujaa na kupwa. Hakuna mtambo, hakuna umeme. Nimesimama hapa nikitazama na moyo umenienda Gazi moja kwa moja, maana kamba, wavu na boya hakuna kijiji cha wavuvi kwetu kisichokuwa navyo.

Chaza hawa asili yao ni Japani. Wa kienyeji, wale wadogo wanaoitwa Olympia, walivunwa kupita kiasi na maji yakachafuliwa na viwanda vya karatasi, ndipo wakulima wakaanza kuagiza mbegu Japani kwa meli, mwanzoni mwa karne ya 20. Hood Canal ni mojawapo ya mahali pachache katika jimbo hili ambapo maji hupata joto la kutosha kiangazi hata chaza wa Pasifiki wakazaa wenyewe. Vitoto vyao huogelea wiki mbili tatu, kisha hutafuta pahali pagumu pa kushika, na wanapopapenda zaidi ni gamba la chaza mwenzao.

Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri. Ukija ufuo wa umma hapa na leseni yako, unaruhusiwa chaza 18 kwa siku, na sheria inakutaka uwafungue palepale, nyama uchukue, magamba uyaache pale pale ulipowaokota. Ukiondoka na gamba umeondoka na nyumba ya vizazi vijavyo. Sasa fikirieni kwetu, mama anapanda ngalawa na panga, anakata mzizi wa mkoko pamoja na chaza wake kwa sababu asipokata yeye leo, kesho atakata mwingine. Simlaumu hata kidogo. Ufuo si wake, basi ataulindaje?

Huku walianza na swali hilo la umiliki. Mwaka 1895 jimbo lilitunga sheria za kuwauzia watu ardhi ya ufuo, ile inayofunikwa na maji yakijaa, ili wapande chaza. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda leo akijua miaka miwili mitatu baadaye atavuna yeye. Lakini tusisifu nusu. Kabla ya wote hao walikuwepo Waskokomish, wenyeji wa ufuo huu, waliotia saini mkataba wa Point No Point mwaka 1855 wakabakiza haki yao ya kuvua. Wakazuiwa miaka mingi. Ilibidi ifike 1994 ndipo mahakama ikasema makabila yana haki ya nusu ya chaza na kombe wanaoota wenyewe. Karibu miaka 140!

Haya, tule. Tumenunua chaza wetu dukani shambani, tumewaweka kwenye barafu, na sasa tuko bustani ya Potlatch, meza chini ya miti, jiko dogo linawaka. Kuna viazi karai, kachumbari, ndimu na pilipili ya kusaga. Chaza unamlaza upande wa tumbo chini, usimwage maji yake, na akishafungua mdomo tu, ndimu, pilipili, mdomoni. Mbichi nimeonja mmoja: chumvi ya bahari inatangulia, kisha utamu kama wa tango. Ila kiangazi kikikolea, mle waliopikwa, kwa sababu bakteria wa vibrio huzidi maji yakipata joto. Na chaza anachuja kila kilicho majini, maji taka yakiwemo. Idara ya Afya ya jimbo ina ramani ya fukwe zilizofungwa, na sisi tuliiangalia kabla ya kuondoka nyumbani.

Najua mtaniambia Kenya ni tofauti. Ni kweli. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, na mimi sitaki iuzwe, tusije tukaamka tukakuta ni ya hoteli. Lakini Gazi hiyo hiyo ilishaonyesha njia. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wenyewe, tangu 2013 wanalinda hekta 117 za mikoko kwa makubaliano na serikali, wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa ukaa unaohifadhiwa na mikoko hiyo, na fedha zinaenda kwenye maji na shule. Kama kijiji kiliweza kukabidhiwa msitu, kwa nini kina mama wasikabidhiwe kipande cha ufuo chenye mipaka yake, chaza wao, magamba yao?

Basi nyinyi wa BMU, vikundi vya kusimamia fukwe, na wewe dada unayechokoa chaza Tsunza, niandikieni hapo chini. Kilo ya nyama ya chaza mnauza kwa bei gani siku hizi, mnunuzi ni nani, na mkiomba eneo lenu mnaelekezwa ofisi gani? Nitayasoma majibu yote, na video ijayo nitaanza nayo.