Shingo ya Kibwana na Filamu Iliyobuma

SALMA: Mbona leo unanisalimia kwa bega?

KIBWANA: Shingo haigeuki. Tangu Jumapili.

SALMA: Wasikilizaji, mwenzenu kakakamaa kama yuko gwaride. Haya, waambie.

KIBWANA: Nilisoma mahali filamu fulani imebuma. Nikajisemea, safi, ukumbi utakuwa mtupu, nitajichagulia kiti. Nafika, kimebaki kiti kimoja, safu ya mbele, kule pembeni ukutani. Kwa muda wa saa mbili na nusu naangalia tundu la pua la mhusika mkuu.

SALMA: (anacheka) Tundu lipi?

KIBWANA: La kushoto. La kulia sijaliona mpaka leo. Sasa huyo aliyeandika "imebuma" alihesabu nini?

SALMA: Pesa. Ukumbi wako mmoja si hesabu.

KIBWANA: Twende kwenye hesabu basi. Filamu ya Sinners ya Ryan Coogler, mwongozaji mweusi wa Marekani, Aprili 2025. Wikendi ya kwanza, dola milioni 61 dunia nzima, bajeti kama milioni 90. Gazeti kubwa la mambo ya filamu likaandika imeingiza hizo, *lakini* faida bado iko mbali. Hata mwigizaji Ben Stiller akalishangaa hadharani.

SALMA: Uongo uko wapi? Majumba ya sinema yanabaki na karibu nusu ya tiketi. Na pesa za matangazo hazimo kwenye hiyo 90.

KIBWANA: Sikatai. Ila Tarantino, mwongozaji mzungu, na filamu yake ya mwaka 2019, bajeti ileile 90, wikendi ya kwanza alifungua na milioni 41 Marekani. Coogler hapo hapo Marekani alifungua na 48. Ya Tarantino ikatangazwa kuwa ufunguzi wake mkubwa kuliko yote. "Lakini" yake ilikwenda wapi?

SALMA: 2019 watu walikuwa bado wanajaa sinema. Baada ya korona kila mwandishi ana wasiwasi.

KIBWANA: Wasiwasi unaochagua wa kumwangukia!

SALMA: Tulia, utajivunja shingo.

KIBWANA: Imeshavunjika. Wikendi ya pili Sinners haikushuka hata asilimia 10, na filamu kubwa kupoteza nusu ni kawaida. Ikaishia juu ya milioni 360.

SALMA: Hayo unayajua leo. Mwandishi wa Jumapili si mpiga ramli.

KIBWANA: Basi asipige ramli! "Faida iko mbali" ni nini kama si ramli?

SALMA: Ni tahadhari. Namba za Jumapili ni makadirio ya studio zenyewe, zile halisi zinatoka Jumatatu. Unataka mwandishi apige makofi tu?

KIBWANA: Nataka atahadhari kwa wote. Titanic, 1997, ilifungua na milioni 28 kwa bajeti ya 200.

SALMA: Na kabla haijatoka waandishi waliizika pia! Na aliyeitengeneza si Coogler. Kwa hiyo upendeleo uko wapi?

KIBWANA: Umenielewa makusudi vibaya.

SALMA: Nimekuelewa vizuri, sikubaliani tu.

KIBWANA: Mimi pia.

SALMA: ...Haya. Kiti cha pembeni ulilipa bei kamili?

KIBWANA: Kamili. Kwa tundu moja.

SALMA: Naoneshwa dakika moja. Na tuliahidi mambo matano ya kuangalia kwenye habari za mapato. Soma japo la kwanza.

KIBWANA: Karatasi iko wapi?

SALMA: Hapo kuliani kwako.

KIBWANA: Salma.

SALMA: Geuka tu kidogo.

KIBWANA: Salma!